Waliochimba Kitum

Wewe uliye jikoni ukipangusa vyombo, wewe uliye kwenye matatu ambayo dereva ameridhia kutuacha hewani, nawe mlinzi uliye getini na redio yako ndogo mfukoni, karibuni.

Leo nimekuja na swali, na nitalirudia njiani ili hata aliyechelewa kufungua redio asiachwe nyuma. Swali ni hili: pango lililo ubavuni mwa mlima, nani amelichimba?

Usikimbilie kunijibu. Msikilizaji wangu wa Tanga, najua, tayari amesema, "Maji." Na hakukosea. Yeye ni jirani wa mapango ya Amboni, na kule mwamba ni wa chokaa. Mvua ikinyesha, maji yake hupata ukali kidogo hewani na udongoni, yakapenya kwenye nyufa, yakaula mwamba polepole, miaka na miaka, mpaka pakatokea vyumba na vichochoro. Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya, ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mtu wa pwani akisema maji, tumpe alama zake zote.

Lakini leo hatuko pwani. Leo nawapeleka Mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda, tukipandia upande wa Kitale. Elgon ni volkano iliyozimika zamani mno. Mwamba wake mwingi ni majivu na vipande vya mawe vilivyorushwa na mlima wenyewe, vikashikamana. Mwamba wa aina hiyo hauyeyuki kwa maji kama chokaa. Na bado mlimani humo kuna mapango, tena makubwa. Kitum, Makingeny, Chepnyalil, Ngwarisha: hayo ndiyo yanayotajwa sana, ingawa yako mengi mengine yasiyo na kibao wala njia.

Basi nani aliyachimba?

Tulikwenda kuangalia wenyewe, siku ya Jumamosi, wakati wa kiangazi, kundi la marafiki tunaojuana tangu ujana. Alikuwepo mwalimu wa jiografia, ambaye akianza kueleza jambo huwezi kumkatiza mpaka kengele ilie. Alikuwepo muuguzi, na huyo tunamwita Sista, kama wagonjwa wake wanavyomwita. Na alikuwepo fundi wa magari aliyetangaza waziwazi kwamba amekuja kwa ajili ya nyama choma tutakayokula Kitale jioni. Hayo mapango, alisema, ni yetu sisi wengine. Kila kundi lina mtu wa namna hiyo, na safari bila yeye huwa haina chumvi.

Chumvi. Lishike neno hilo, msikilizaji. Tutakutana nalo tena.

Ukitoka Kitale unapita Endebess, na pande zote ni mahindi, au mabua yake kama mavuno yamekwisha. Trans Nzoia hiyo. Ghala la taifa, wanasema, na ukiyaona mashamba yale huna la kubisha. Mbele yako mlima umelala mpana sana. Elgon hausimami wima kama Kilimanjaro kwenye picha za kalenda, unapanda taratibu, hata mgeni anauliza, "Mlima uko wapi?" na kumbe ameanza kuupanda kitambo. Kilele chake cha juu kabisa, Wagagai, kiko upande wa Uganda, na kinapita mita 4,300. Sisi hatukuwa na habari nacho. Mapango tuliyoyaendea yako chini sana, ndani ya msitu.

Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon upande wa Kenya ilitangazwa mwaka 1968, na lango lake kubwa linaitwa Chorlim. Hapo ndipo unapolipa kiingilio, na hapo ndipo unapopewa askari wa wanyamapori wa kukusindikiza ukitaka kutembea kwa miguu. Usione uvivu wala usione gharama. Huyo mtu mwenye bunduki si pambo. Msitu una nyati, na nyati wa msituni humuoni mpaka mmekaribiana kupita kiasi.

Wetu alikuwa mtu wa maneno machache. Fundi alimuuliza, "Afande, hawa ndovu wako wapi? Mbona hatuwaoni?"

Akajibu, "Wako. Wao wanatuona."

Basi fundi akasogea katikati ya msafara.

Tuliacha gari mahali njia ya mapangoni inapochepuka, tukashika kijia. Kupanda kwenyewe si kwa kutisha. Mtu mwenye magoti mazima anakwenda vizuri, na asiye nayo anakwenda polepole na anafika. Kivuli ni kingi: mipodo, mitarakwa, mizeituni ya mwituni yenye magome yaliyopasukapasuka. Mbega wanaruka juu kwa juu na mikia yao myeupe. Chini, kijia kimepondwa kikawa kipana kuliko inavyohitajika kwa miguu ya watu. Mwalimu akaanza kutueleza mmomonyoko wa udongo. Askari akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema, "Hii ni barabara ya ndovu, mwalimu. Sisi tumeiazima tu."

Naam. Ndovu wana barabara inayoelekea pangoni. Na hiyo barabara haikukatwa jana.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo penyewe.

Mdomo wa Kitum ni mpana na umeinama, na ukisimama hapo mwanga unaishia hatua chache ndani. Pango linaingia mlimani karibu mita 200. Harufu inakupokea kabla ya macho hayajazoea: vumbi, kinyesi cha popo, na kitu kingine ambacho ukikulia karibu na zizi unakitambua mara moja. Mavi ya mnyama mla majani. Mengine makavu, mengine, kwa kweli, hayakuwa makavu sana. Askari akayatazama, akasikiliza kidogo, akatupa ishara kwamba tunaweza kusogea.

Akawasha tochi yake, lakini hakuielekeza ukutani moja kwa moja. Aliishika pembeni, karibu kabisa na mwamba, mwanga ukaenda kando kwa kando. Na hapo ukuta ukabadilika. Ule mwamba niliodhani ni mbaya tu, wa mikwaruzo ya ovyo, ukaonyesha mistari. Mifereji mipana kama vidole viwili, inashuka kwa mshazari, mmoja kando ya mwingine, mmoja juu ya mwingine, kuanzia chini ya kiuno cha mtu mpaka juu kupita kimo cha Mwalimu akiwa amenyoosha mkono. Baadhi ilikuwa na kingo kali na rangi ya mwamba mpya. Mingine ilikuwa imesagika, imepakwa weusi na miaka. Kila mahali tochi ilipokwenda, mifereji. Ukuta mzima.

"Pembe," askari akasema.

Umenielewa, msikilizaji? Ndovu huingia pangoni humo usiku. Giza lile si giza la chumbani umeme ukipotea. Hakuna nyota, hakuna mwezi, hakuna chochote. Macho hayawasaidii. Wanapapasa kwa mkonga, hatua kwa hatua, kwenye mawe yaliyoanguka na mashimo, mama akimweka mtoto karibu. Wapo watoto waliotumbukia kwenye ufa ulio humo ndani na wakafa, kwa hiyo si safari ya matembezi. Wakifika ukutani wanautia mwamba pembe, wanaubandua kipande, wanakiokota kwa mkonga, wanakitia mdomoni, wanakisaga kwa magego. Saa nzima, saa mbili, zaidi. Kisha wanatoka kabla hakujapambazuka, wanarudi msituni.

Wanakula mlima. Narudia: ndovu wa Elgon wanakula mlima. Na kwa nini?

Chumvi.

Elgon hupata mvua nyingi. Mvua hiyo ndiyo inayotupa yale mahindi ya Trans Nzoia, lakini pia huosha udongo na kuzipeleka chumvi zake mtoni. Majani yanayoota juu ya udongo uliooshwa hivyo yana chumvi kidogo sana. Mnyama anayeshiba majani hayo mchana kutwa analala na njaa nyingine asiyoweza kuituliza kwa majani. Lakini ndani ya mlima, mahali ambapo mvua haifiki, mwamba umebaki na chumvi zake, na mahali pengine zinachomoza ukutani kama ukungu mweupe. Ndovu wakaijua. Lini, na aliyetangulia alikuwa nani, hakuna wa kutuambia. Mama alimfuata mama yake, na mtoto akamfuata mama.

Ukiona ni kioja, nenda soko la Kitale, au Bungoma, au Kisumu, ukaulize odowa. Yale mawe ya kula yanayopangwa kwa mafungu karibu na dagaa. Nani huyanunua? Wajawazito wengi, na wengine wasio na mimba ambao hawataki kuulizwa maswali. Sista hapendi odowa hata kidogo, na wateja wake wa kliniki anawaambia hivyo bila kupepesa. Lakini pale pangoni, akiwa ameelekeza macho kwenye mifereji ile, alisema, "Basi nao wana hamu zao." Tukacheka, mwangwi nao ukacheka.

Turudi kwenye swali letu. Nani amechimba? Wanajiolojia walioyachunguza mapango haya wanawapa ndovu sehemu kubwa ya kazi. Mahali fulani maji huanza: kijito kinaporomoka kutoka ukingoni mwa mwamba, kinalainisha na kubomoa chini yake, panatokea kijishimo cha kuingia. Mwamba wenye chumvi unakuwa wazi. Ndovu wanakuja, wanabandua, wanabandua, kizazi baada ya kizazi, dari inapoteza mhimili na kuanguka, wanapanda juu ya kifusi na kuendelea mbele. Maji huanza, ndovu huendeleza. Makingeny, ambalo si mbali na Kitum, linaonyesha hilo vizuri: maji yanateremka mbele ya mdomo wake, unapita kando yake kuingia. Wakati wa kiangazi tulipofika yalikuwa membamba. Wenyeji wanasema masika ndiyo yenyewe.

Na si ndovu peke yao. Nyati huja, pongo huja, kulamba makombo ya chumvi yaliyodondoka. Chui na fisi nao huja, ila hao hawakuja kwa ajili ya chumvi.

Sasa, msikilizaji, nikupe kisa kimoja kinachonichekesha na kuniudhi kwa pamoja.

Mwaka 1883 alifika huku Mskoti aitwaye Joseph Thomson, akisafiri kwa niaba ya Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza. Alikuwa kijana bado, na tukubali, alikuwa na moyo. Akayaona mapango ya Elgon. Akakuta watu wanaishi midomoni mwake, na ng'ombe wao, na maghala yao, na uzio wa miti mlangoni wa kuzuia maadui. Hao walikuwa Wakony, ambao mlima umepata jina kwao, mojawapo ya jamii tunazoziita leo Wasabaot. Akawauliza: mapango haya yamechimbwa na nani? Wakamjibu kwamba ni kazi ya Mungu. Wao na vifaa vyao vidogo wangewezaje?

Hakuridhika. Akatazama kuta zile, akaona kabisa kwamba zimechimbwa, na hapo jicho lake lilikuwa zuri. Lakini kichwa kikaenda mbali. Akaamua kwamba lazima liliwahi kupita taifa fulani kubwa, lenye nguvu na ustaarabu, likatoboa mlima kutafuta madini au mawe ya thamani. Taifa gani? Lilitoka wapi? Lilikwenda wapi, na dhahabu yake iko wapi? Hapo ilibidi akisie tu. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1885, wasomaji wa Ulaya wakaipenda sana habari hiyo ya wachimbaji wa kale waliopotea.

Na ng'ombe wamesimama pale pale, mlangoni mwa pango, wakilamba ukuta.

Hicho ndicho kinachoniudhi. Jibu lilikuwa na pembe na mkia, na lilikuwa linapiga kwato mbele ya mgeni. Mfugaji wa Elgon anajua kwamba ng'ombe bila chumvi hakui, maziwa yanapungua, anakula hata nguo zilizoanikwa. Kwa hiyo wafugaji wa mlima huu nao walibandua mwamba ule kuwapa mifugo yao, jambo ambalo watu wa huko hawalioni kuwa la ajabu hata kidogo. Mzee wa Kisabaot hakuhitaji wachimbaji wa kale kumweleza kazi ya pango. Pango lilikuwa nyumba, zizi, ngome na duka la chumvi, vyote chini ya paa moja. Mgeni aliuliza swali zuri, lakini hakuwauliza watu kazi wanayoifanya kila siku.

Thomson, kwa taarifa yenu, hakuondoka salama kabisa. Siku za mwisho za mwaka huo huo nyati alimrusha kwa pembe, akabebwa kwa majuma mengi. Ndiyo maana nilisema, mchukueni askari.

Ilichukua karibu miaka mia moja ndipo watafiti walipokaa usiku pangoni na kuandika kwa kirefu wanachokiona. Miaka ya 1980 mwanabiolojia Mwingereza Ian Redmond aliwafuatilia ndovu hawa wa mapangoni, na picha zilizofuata ziliwafikisha kwenye televisheni za dunia. Kwa bahati mbaya ndio wakati ule ule ujangili ulipowafyeka. Miaka ya 1970 na 1980 haikuwa na huruma kwa ndovu wa nchi yetu, na ndovu anayepita kila mara kwenye mlango mmoja unaojulikana ni rahisi mno kuviziwa. Waliobaki ni wachache na ni waangalifu. Ukienda mchana kama sisi, usitegemee kuwaona. Utaona ukuta wao. Mimi ulinitosha.

Haya. Sasa nageukia jambo ambalo wengine mmekuwa mkilisubiri, maana jina la Kitum mmelisikia kwa habari nyingine kabisa. Sista ndiye aliyetushika masikio kuhusu hili kabla hatujatoka Kitale, na nataka nilipeleke kwenu kama alivyolileta kwetu, bila kutishana na bila kudanganyana.

Ndani ya mapango haya wamo popo. Popo wala matunda, kwa maelfu, wananing'inia darini. Na popo wa aina hiyo ndio wanaobeba virusi vya Marburg.

Marburg ni mji wa Ujerumani. Ugonjwa ulipata jina hilo mwaka 1967, wafanyakazi wa maabara huko walipougua baada ya kushughulika na tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda. Ni ndugu wa Ebola: homa kali, kuharisha, kutapika, na kwa wengine kutokwa damu. Mwaka 1980 mhandisi Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya alitembelea Kitum, akaugua, akafia Nairobi. Daktari wetu aliyemhudumia aliambukizwa, na namshukuru Mungu alipona. Mwaka 1987 mvulana wa Denmark, umri wa miaka 15, naye alikuwa ameingia Kitum, akafariki. Mwaka uliofuata wataalamu wakaja wamevaa mavazi ya kujikinga toka utosini mpaka unyayoni, wakapima popo, wadudu, wanyama, wasiambulie kitu. Miaka ikapita. Ndipo mwaka 2007 popo aliyenaswa hapo hapo Kitum akapatikana na virusi.

Je, ina maana kila aingiaye anaugua? Hapana. Watu wengi sana wameingia wakatoka, wakarudi kwao wakala ugali. Je, ina maana tuseme ni uvumi tu? Hapana tena. Nchini Uganda mtalii mmoja Mholanzi alipoteza maisha mwaka 2008 baada ya kuingia pango la popo katika msitu wa Maramagambo. Rwanda ilipata mlipuko mwaka 2024, na chanzo chake kikahusishwa na mgodi wenye popo. Tanzania nayo imeguswa, mkoani Kagera. Huu ni ugonjwa wa ukanda wetu, si hadithi ya sinema.

Kwa hiyo Sista alitufanya nini? Mikono mirefu, suruali ndefu, viatu vilivyofunika mguu. Barakoa, zile zile tulizozizoea wakati wa korona. Glavu. Hakuna kuweka mkono ukutani, hakuna kukaa chini, hakuna kula wala kunywa chochote mle ndani wala mlangoni. Na kubwa kuliko yote, hatukwenda walipo popo. Tuliishia sehemu ambayo mwanga wa mlangoni bado unaonekana ukigeuka, na dari juu yetu ilikuwa tupu. Mwalimu alitamani kufika mwisho. Alitazamwa tu, akarudi. Tulipotoka tulinawa kwa maji na sabuni iliyotoka kwenye mkoba wa Sista, na fundi, ambaye mikono yake imezoea grisi, aliambiwa arudie.

Narudia kwa aliyejiunga sasa hivi. Ukienda pangoni penye popo: usiguse, usikae, usile, usiende walipo. Funika mwili, funika pua na mdomo, nawa ukitoka. Na ukipata homa ndani ya wiki tatu baada ya safari hiyo, usiende kununua dawa ya malaria dukani ukanyamaza. Nenda hospitali na uwaambie kabla hawajakugusa: nimetoka kwenye pango la popo. Hayo maneno machache yanamlinda daktari pia.

Na tafadhali, asitoke mtu hapo na moshi na mapanga kwenda kuua popo. Uganda walilijaribu hilo. Mgodi wa Kitaka, magharibi mwa nchi, wachimbaji walipougua mwaka 2007, popo waliangamizwa. Popo walipoanza kurudi na kupimwa tena, sehemu ya waliobeba virusi ilikuwa kubwa kuliko mwanzo, na mwaka 2012 ugonjwa ukazuka tena eneo lile. Halafu popo hao hao ndio wanaosambaza mbegu za miti ya msitu na kuchavusha maua yake. Mwache kwake. Wewe ndiwe uliyemfuata.

Msikilizaji mmoja wa Eldoret aliniuliza juzi, kabla hata sijarekodi, kama anaweza kupeleka watoto wa shule ya Jumapili. Nilimjibu hivi: wapeleke mbugani, wapande kijia, waone mbega, wasimame nje mbele ya mdomo wa pango, askari awamulikie ukuta kwa mbali. Ndani, hapana. Mtoto hukumbuki kumwambia asiguse mpaka ameshagusa.

Mengine ni mepesi. Kiangazi, kuanzia Desemba hadi Februari au Machi mwanzoni, ndio wakati wa kwenda, maana masika yakianza ile barabara ya udongo inageuka utelezi na gari dogo litakulaza njiani. Ondoka Kitale asubuhi mapema. Beba maji, sweta na tochi mbili. Kitambulisho usisahau, utakihitaji langoni. Chakula mtakula mkishashuka, na nyama choma ya Kitale, kwa ushuhuda wa fundi, haikumwangusha mtu.

Wakati tunashuka, Mwalimu alikuwa kimya kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona. Halafu akamuuliza askari kama anajua familia zilizoishi kwenye mapango haya ni zipi. Askari akasema ndiyo, baadhi anazijua. Bibi yake mzaa mama alizaliwa katika mojawapo, si hili, lingine la juu zaidi. Serikali ya kikoloni haikupenda watu waishi mapangoni, wakahamishwa. Bibi alijua ni kona ipi ya pango iliyokuwa ya ndama, na ni ukuta upi uliokuwa na chumvi tamu.

"Kuna aliyeandika hayo?" Mwalimu akauliza.

"Nani aandike? Hakuna aliyemuuliza."

Wasikilizaji, mtayarishaji wetu ananionyesha saa, kwa hiyo nakwenda mbio. Nyinyi mlio Kapsokwony, Kopsiro, Cheptais, Endebess, na upande wa pili wa mpaka kule Kapchorwa: kama nyumbani kwenu yuko babu au bibi anayejua pango la ukoo wake, keti naye wiki hii na simu yako. Muulize jina la pango, nani alilala wapi, ng'ombe waliingilia upande gani, na chumvi ilibanduliwa kwa chombo gani. Rekodi sauti yake kwa lugha anayoipendelea yeye, tafsiri itakuja baadaye. Kisha mtuletee studioni au mtutumie kwa njia zetu za kawaida, na kwa idhini yake tutaipiga hewani katika kipindi hiki hiki, Jumapili baada ya taarifa ya habari. Kwaherini kwa sasa.